Turbo za magari mapya ya dizeli: kwa nini huharibika, na mwenye gari kando ya Ziwa Mweru ajilinde vipi

Kwa wakazi wa Nchelenge, Kashikishi na kisiwa cha Kilwa, gari la kazi si pambo. Ndilo linalobeba magunia ya chisense kwenda Mansa na miji ya Copperbelt, linaloleta unga, saruji na dawa, na linalomkimbiza mgonjwa aliyeshushwa kutoka mtumbwini hadi Hospitali ya St Paul's iliyoko Kashikishi. Rufaa ikitolewa ya kwenda Mansa, safari huzidi kilomita 200. Gari likizimika katikati ya safari hiyo, hasara haiishii kwenye chuma.

Ndiyo maana swali moja limekuwa likirudi kila panapozungumzwa ununuzi wa gari jipya, iwe ni katika kikundi cha wachuuzi wa samaki, kamati ya kanisa au zahanati: je, hizi injini ndogo za kisasa zenye turbo zinaaminika, au tutafute gari la zamani lisilo na turbo? Makala haya yanaeleza turbo ni kitu gani, wasiwasi huo umetoka wapi, ni upi ulio wa kweli na upi ni uvumi, na mwenye gari afanye nini katika mazingira ya ziwa letu.

Kwa ufupi

- Karibu pikapu zote mpya za dizeli zinazouzwa leo zina turbo. Suala si kuikwepa, ni kuijua na kuitunza.
- Mara nyingi turbo haifi kwa ugonjwa wake yenyewe. Huuawa na oili chafu au pungufu, vumbi, joto kali, au hewa inayovuja.
- Kubadilisha turbo bila kutafuta kilichoiua ni kununua hasara ya pili.
- Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, Japani au Australia linaweza kuwa na vifaa vya moshi ambavyo havipatani na dizeli na safari za huku.
- Dhamana ya gari huishi au hufa kwa kumbukumbu za matengenezo. Tunza kila risiti.

Turbo ni nini?

Injini ya dizeli hubana hewa ndani ya silinda hadi ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi, ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyoweza kuungua vizuri na nguvu kuongezeka. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Injini yenye turbo husukumiwa hewa.

Turbo ina magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini kuelekea kwenye ekzosi. La pili, lililo upande wa pili wa shafti, huvuta hewa safi kupitia chujio, huibana na kuisukuma ndani ya injini. Kwa kuwa hewa iliyobanwa hupata joto na kutanuka, kwanza hupitishwa kwenye kipozea hewa, ambacho mafundi hukiita intakula.

Wazo hili si jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905. Kwa miongo mingi turbo zilikuwa za meli, treni na malori makubwa. Gari la kwanza dogo la abiria lenye injini ya dizeli na turbo kuuzwa kwa umma lilikuwa Mercedes-Benz 300SD, mwaka 1978.

Kilicho kigumu ni mazingira ambamo kifaa hiki hufanya kazi. Shafti ya turbo ya pikapu huweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, ilhali injini yenyewe haizidi mizunguko elfu nne na ushee. Upande mmoja wa shafti unaguswa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, na upande wa pili unapitisha hewa ya kawaida. Katikati, shafti haikai juu ya chuma. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Utando huo ukikatika hata kwa sekunde chache, chuma hugusana na chuma.

Kwa nini hazikwepeki?

Mfano unaofahamika zaidi huku ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, gari la hospitali, la polisi na la mashirika yanayohudumia makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Kwa zaidi ya miaka 30 limepatikana na injini inayoitwa 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Nguvu yake ni takriban kilowati 96. Si nyingi, lakini injini hiyo inavumilia dizeli duni, oili iliyochelewa kubadilishwa na fundi aliye na spana chache.

Mwaka 2023 Toyota ilitangaza toleo la Land Cruiser hiyo lenye injini ya lita 2.8, silinda 4 na turbo, ambayo ni ya ukoo uleule wa injini ya Hilux iliyotoka mwaka 2015. Tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, injini hiyo ndogo hutoa kilowati 150 katika Hilux. Ford nayo, katika pikapu yake ya Ranger inayoundwa Silverton karibu na Pretoria, iliweka injini ya lita 2.0 yenye turbo mbili inayotoa zaidi ya kilowati 150.

Hesabu ni nyepesi kuielewa. Injini iliyo nusu ya ujazo wa ile ya zamani inatoa nguvu zaidi kwa kiasi kikubwa, kwa mafuta machache na moshi mdogo. Sheria za moshi za Ulaya na Japani zimewalazimisha watengenezaji kufuata njia hiyo, na nchi zetu hupokea kinachotengenezwa kwa masoko makubwa.

Kwetu turbo ina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Uso wa Ziwa Mweru uko takriban mita 920 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10. Mansa na Kawambwa ziko juu zaidi ya mita 1,200. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia upungufu huo. Yenye turbo hufidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi. Lakini fidia hiyo si ya bure: turbo inayofanya kazi nyandani huchoka kuliko ile iliyoko pwani.

Je, wasiwasi una msingi?

Una msingi, ingawa mara nyingi lawama huangukia mahali pasipostahili. Mifano minne inayojulikana inatosha kuonyesha hivyo.

Wa kwanza ni injini ya lita 3.0 iliyotumika katika Hilux na Prado kabla ya mwaka 2015, ile yenye maandishi ya D-4D. Mafundi wa nchi nyingi walikutana na tatizo lilelile: vikalio vya shaba chini ya nozeli vilianza kuvujisha moshi wa ndani ya silinda. Masizi yakaingia kwenye oili, yakashuka hadi kwenye sampu na kuziba wavu ambao pampu ya oili huvutia. Shinikizo la oili likapungua, na turbo huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kuhisi upungufu huo. Mwenye gari aliona turbo imekufa, ilhali kilichoiua kilikuwa kipande kidogo cha shaba.

Wa pili unatoka Ulaya, katika injini ya dizeli ya lita 1.6 iliyotumika kwenye magari mengi madogo, yakiwemo ya mizigo ya Peugeot na Citroën. Hapo pia masizi yaliziba njia nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo. Wamiliki waliweka turbo mpya, nayo ikafa baada ya muda mfupi, kwa sababu njia ya oili haikusafishwa. Kisa hicho kimekuwa somo la kudumu katika gereji: turbo ya pili ikifa haraka, wa kulaumiwa si turbo.

Wa tatu ni wa Australia. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba zaidi ya magari 260,000 ya Toyota aina ya Hilux, Prado na Fortuner, yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, hayakuwa na ubora unaokubalika kisheria. Kasoro haikuwa ya turbo, bali ya kichujio cha masizi kilichoko kwenye ekzosi, ambacho hakikujisafisha ipasavyo. Hata hivyo somo linatuhusu, kwa sababu kichujio kilichoziba huzuia moshi kutoka, na moshi uliozuiwa huiongezea turbo joto na mzigo.

Wa nne ni habari ya Januari 2024 iliyowatia watu hofu. Kampuni ya Toyota Industries ya Japani ilikiri kwamba vipimo vya nguvu vya injini tatu za dizeli, zikiwemo zinazotumika katika Hilux na Land Cruiser, vilifanywa kwa programu ya kompyuta tofauti na ile ya magari yanayouzwa. Usafirishaji wa baadhi ya magari ulisimamishwa kwa muda. Toyota ilisema hakuna haja ya wenye magari kuacha kuyatumia. Habari hiyo ilihusu uaminifu wa vipimo, haikuhusu turbo kuvunjika, na wanaoitumia kama ushahidi wa turbo mbovu wanachanganya mambo mawili.

Njia nne za kifo cha turbo

1. Oili. Hii ndiyo inayoongoza. Oili ikiwa pungufu, chafu, ya daraja lisilofaa au imechelewa kubadilishwa, utando unaobeba shafti hukatika au hubeba uchafu unaokwaruza beringi. Dizeli inayovuja kutoka kwenye nozeli na kuingia kwenye oili huifanya iwe nyepesi mno, na matokeo ni yaleyale.

2. Vumbi na vitu vigeni. Gurudumu la kuvuta hewa lina mapezi membamba ya aluminiamu. Vumbi likipita kwenye chujio lililochanika au lisilokaa sawa, huyala mapezi hayo kidogo kidogo kama msasa. Nati, kipande cha kitambaa au jani lililosahauliwa kwenye bomba la hewa huyavunja papo hapo.

3. Kasi ya kupita kiasi. Bomba la mpira kati ya turbo na injini likitoboka, hewa hutoroka. Kompyuta ya gari huona shinikizo limepungua na kuiamuru turbo izunguke zaidi, hadi ikavuka uwezo wake. Chujio la hewa lililoziba huleta madhara kama hayo. Wanaoongeza nguvu ya injini kwa kubadili programu ya kompyuta hufanya jambo lilelile kwa hiari yao.

4. Joto. Gari lililopanda mlima na mzigo, kisha likazimwa ghafla, huacha oili imesimama ndani ya turbo yenye moto mkali. Oili hiyo huungua na kugeuka makaa yanayoziba njia. Likifanyika mara moja si neno. Likifanyika kila siku kwa mwaka mzima, njia ya oili husinyaa.

Katika pikapu nyingi za kisasa kuna sehemu ya ziada: pete ya mapezi madogo yanayojigeuza ili kuongoza moshi kulingana na kasi ya injini. Mapezi hayo yakijaa masizi hukwama. Hapo turbo bado ni nzima, lakini gari hukosa nguvu, na mara nyingi mwenye gari huambiwa anunue nyingine wakati kusafisha kungetosha.

Mambo ya Mweru

Kitabu cha gari huandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Kando ya ziwa letu kuna mambo matano ya kuzingatia.

Vumbi. Tangu Mei hadi Oktoba, njia za udongo za kuelekea vijijini na kwenye kambi za wavuvi hutoa vumbi laini kama unga. Gari linalofuata nyuma ya lori huvuta hewa chafu kwa saa nzima. Acha nafasi, au subiri vumbi litue. Chujio la hewa likaguliwe kila wiki katika msimu huo, na libadilishwe likichoka. Kulipiga kwa hewa ya kompresa yenye nguvu hutoboa karatasi yake bila jicho kuona.

Mchanga na mzigo. Kuvuta gari lililojaa magunia kutoka mchangani kando ya maji ni kazi ya gia nzito, injini ikiunguruma na upepo wa kupoza ukiwa haba. Hapo ndipo turbo hupata joto jingi kuliko hata kwenye lami kwa mwendo wa kasi.

Dizeli ya madumu. Kisiwani Kilwa na katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya mafuta, dizeli huuzwa kwa madumu na mapipa. Maji na uchafu huingia humo kwa urahisi. Injini za kisasa husukuma dizeli kwenye nozeli kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 2,000, na tone la maji linatosha kuziharibu. Nozeli mbovu huchafua oili na kuzidisha joto la moshi, na madhara huishia kwenye turbo. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina kwa kuchuja, usimalize la chini, na ondoa maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara.

Aina ya dizeli. Magari yenye kichujio cha masizi huhitaji dizeli yenye salfa kidogo sana. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye kiwango cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Nchini Zambia, bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokuwa likisafirisha mafuta ghafi, tangu mwaka 2023 husafirisha dizeli yenye salfa kidogo. Ubora wa mafuta vituoni husimamiwa na Bodi ya Udhibiti wa Nishati, ERB. Lakini anayejaza tangi upande huu leo na ng'ambo ya ziwa kesho hana hakika ya anachopata, hasa kinachotoka kwenye pipa.

Msimu wa kufunga uvuvi. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku, na magari mengi ya samaki hupumzika. Badala ya kuliacha gari hadi siku uvuvi utakapofunguliwa, huo ndio wakati wa kubadilisha oili, kukagua mabomba ya hewa na kusafisha tangi. Fundi ana nafasi, na wewe huna mteja anayesubiri.

Dalili za kuangalia

- Mlio. Turbo nzima hupuliza kwa sauti laini. Ikianza kulia kama king'ora, au kusikika kama chuma kinachosagana, simamisha gari.
- Moshi wa buluu. Oili inaungua. Inaweza kuwa turbo, inaweza pia kuwa pete za pistoni.
- Moshi mweusi. Hewa haitoshi kwa mafuta yanayoingia. Tafuta bomba lililotoboka au chujio lililoziba kabla ya kuilaumu turbo.
- Kukosa nguvu ghafla na taa ya injini kuwaka. Gari limeingia katika hali ya kujilinda. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha alama P0299, shinikizo la hewa ni pungufu. Ikionyesha P0234, limezidi.
- Oili kupungua bila doa chini ya gari. Pima kwa kijiti kila asubuhi kabla ya safari ndefu.
- Oili ndani ya mabomba ya hewa. Utando mwembamba ni wa kawaida. Dimbwi si la kawaida.

Hatari ya kufahamu: injini isiyozimika

Kuna tukio moja ambalo kila dereva wa dizeli anapaswa kulijua. Turbo ikivunjika sili zake, oili ya injini inaweza kumwagika kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli huweza kuungua kwa oili hiyo kama mafuta. Itaongeza kasi yenyewe, itatoa moshi mzito, na kugeuza ufunguo hakutaizima.

Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini ikwame. Kwa gari la gia za kujibadilisha, simamisha pembeni, ondoa abiria na mkae mbali. Usifunue boneti wala usiinamie injini inayokimbia, kwani inaweza kupasuka. Dereva anayebeba wagonjwa au abiria afundishwe jambo hili kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Matunzo yasiyohitaji fedha nyingi

Oili ibadilishwe mapema. Vitabu vya magari huwa na orodha ya mazingira magumu: vumbi, mzigo mzito, safari fupi fupi, mwendo wa polepole kwa muda mrefu. Nchelenge imo karibu katika kila mstari wa orodha hiyo. Pale kitabu kinaposema kilomita 10,000, kwa matumizi kama haya mafundi wengi makini hushauri kilomita 5,000.

Daraja la oili liwe lile lililoandikwa kitabuni. Wengi wamezoea oili nzito ya 15W-40, iliyozifaa injini za zamani. Injini mpya nyingi zimetengenezwa kwa oili nyepesi zaidi, kama 5W-30, inayofika kwenye turbo upesi injini inapowashwa asubuhi. Nunua kwa muuzaji unayemjua, kwani oili na chujio bandia vimejaa sokoni.

Baada ya kuwasha, subiri nusu dakika kabla ya kuondoka, na usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka injini ipate joto. Baada ya kazi nzito, acha injini iunguruме taratibu kabla ya kuizima. Vitabu vingi hutaja kati ya sekunde 20 na dakika 2, kulingana na ukali wa safari. Baada ya mwendo wa kawaida mjini, si lazima kusubiri.

Hapa pana imani moja ya kurekebisha. Kuacha injini ikiunguruma kwa nusu saa wakati wa kupakia samaki hakuisaidii turbo. Injini isiyo na kazi hubaki baridi, huzalisha masizi, na masizi hayo ndiyo yanayokwamisha mapezi ya turbo na kuziba kichujio.

Turbo ikishakufa: maswali kabla ya kununua nyingine

Turbo mpya halisi inaweza kugharimu mara kumi au zaidi ya gharama ya kubadilisha oili na chujio. Kwa hiyo kabla fedha haijatoka, mwulize fundi mambo haya:

- Imekufa kwa nini? Jibu la "imechoka" halitoshi. Beringi iliyoungua, mapezi yaliyoliwa na vumbi na shafti iliyokatika husimulia visa tofauti.
- Shafti imepimwa? Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma si kawaida.
- Bomba la kupeleka oili kwenye turbo limebadilishwa au kusafishwa? Na lile la kurudisha oili je?
- Sampu imefunguliwa na wavu wake kuangaliwa?
- Vipande vya turbo ya zamani vimeondolewa kwenye mabomba na kwenye intakula?
- Turbo mpya imejazwa oili kabla ya injini kuwashwa kwa mara ya kwanza?

Fundi mwadilifu hataudhika kwa maswali hayo. Mwombe pia akurudishie turbo ya zamani, ni ushahidi wako.

Ukinunua gari

Gari jipya linalouzwa na wakala rasmi kwa kawaida huja na dhamana, na nyingi hutajwa kwa miaka na kilomita kwa pamoja, chochote kitakachotangulia. Soma masharti kabla ya kulipa. Uliza matengenezo yafanyike wapi: kama gereji inayotambuliwa iko mbali na Luapula, weka gharama ya safari hizo kwenye hesabu yako, kwa sababu kuruka huduma moja kunaweza kuivunja dhamana.

Gari "jipya" lililopitia mikono ya mawakala wasio rasmi, au lililotumika lililoletwa kutoka Japani au Uingereza, linaweza kuwa la bei nafuu, ila litazamwe kwa makini. Je, lina kichujio cha masizi? Magari mengi yanayouzwa mapya kwa soko la kusini mwa Afrika huja bila kichujio hicho, lakini ya Ulaya, Japani na Australia huwa nacho. Gari lenye kichujio na linalotumika kwa safari fupi za polepole litakusumbua. Kuking'oa bila kurekebisha kompyuta kwa usahihi huleta matatizo mengine, na moshi wake huvutwa na watoto wa mtaa uleule.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya Zambia ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia mlaji bidhaa yenye kasoro au isiyofaa kwa kazi iliyokusudiwa, na tangazo la dukani lisemalo kwamba kilichouzwa hakirudishwi halimvui muuzaji wajibu wake. Malalamiko hupelekwa kwa tume iitwayo CCPC. Atakayesikilizwa kwa urahisi ni mwenye mkataba, risiti na daftari la matengenezo. Hilo lawahusu pia ndugu zetu waliotoka ng'ambo ya ziwa na wanaofanya biashara zao huku kwa Kiswahili. Kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza usichokielewa vyema, mtafute wa kukusomea kabla ya kutia sahihi.

Basi, ninunue lenye turbo au lisilo nayo?

Kwa zahanati ya mbali, ambako fundi wa kompyuta hafiki na dizeli hutoka kwenye pipa, Land Cruiser ya injini ya zamani isiyo na turbo bado ina hoja yenye nguvu, ikiwa itapatikana na fedha za dizeli zitatosha. Kwa mchuuzi anayesafiri kila wiki kutoka Kashikishi hadi Mansa, kisha kuvuka daraja la Chembe kwenda Copperbelt, pikapu mpya yenye turbo itamwokolea mafuta mengi na kupanda milima na mzigo bila kuhema.

Tofauti kubwa kati ya magari hayo mawili iko katika msamaha. Injini ya zamani ilisamehe mengi: oili iliyopitiliza kilomita elfu tano, chujio lililofungwa kwa waya, dumu lenye maji. Injini mpya inasamehe machache. Anayeinunua anapaswa kununua pamoja nayo tabia mpya, na kuiwekea akiba ya oili na chujio tangu siku ya kwanza, kama anavyoweka akiba ya nyavu kabla ya uvuvi kufunguliwa.